Namba Husomwa Mara Mbili

Jumamosi, 1 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: naiogopa sauti yangu mwenyewe. Siyo ule upole ambao walimu huandika kwenye ripoti, "mtulivu, ajitahidi kushiriki." Nikijisikia ninasema mbele ya watu, naikata sentensi katikati. Na leo, kwa sababu ya uoga huo, sikusoma namba mara ya pili.

Nieleze vizuri. Shangazi, anayenilea tangu nina miaka minne, ni wakala wa forodha. Mawakala mji huu wamejaa, lakini mwenye leseni ya kupitisha silaha mpakani ni yeye peke yake. Nyuma ya ofisi yake iko karakana ya Babu Fundi, ambaye si babu yangu wa damu, na kazi yake ni kutengeneza bunduki. Klabu ya walenga shabaha ya ng'ambo ya mpaka ilimletea bunduki kumi na mbili, na sasa zinarudi kwao. Kila moja iliingia na namba yake, na lazima itoke na namba ileile. Sheria inataka watu wawili mezani, fundi na wakala. Mmoja anasoma namba kwa sauti, mwingine anaandika. Kisha wanabadilishana, na safari hii namba inasomwa kinyume, kuanzia mwisho. Hilo la kinyume halimo kwenye sheria, ni la Shangazi. Anasema jicho likienda mbele huenda kwa mazoea, likirudi nyuma hulazimika kutazama.

Leo Shangazi aliitwa ofisi ya vibali kufuatilia muhuri. Akasaini nafasi yake kabla ya kuondoka, akaniambia, "Nishikie hapa, mwanangu. Mwandiko wako unamshinda hata karani wa mahakama."

Tulikuwa tumefika bunduki ya tisa mvua ya kwanza ilipoanza. Wenzangu watatu wa darasani wakakimbilia baraza ya karakana kujikinga, mmoja wao yule msichana tunayemwita Spika kwa kuwa hanyamazi. Babu Fundi sikio la kushoto limekufa na la kulia linasikia kwa hisani. Kumsomea namba lazima upaze sauti kama mpiga mnada. Nilipopaza, Spika akachungulia dirishani. "Ee, Baruti! Kumbe vita mnavipikia humu?" Wakacheka.

Nikanyamaza. Bunduki nne za mwisho niliziandika mwenyewe, kimyakimya, nikinakili namba zilizochongwa juu ya mtutu. Namba yenyewe hasa, ile inayohesabika kisheria, iko kwenye mwili wa bunduki, chuma cha kati ambacho kila kitu hufungwa juu yake. Lakini hiyo imefunikwa na mti, na kuiona ni mpaka Babu Fundi afungue skrubu mbili. Kwa kawaida namba zote mbili ni sawa. Aliniuliza, "Umerudi kinyume?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasaini.

Jumapili, 2 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimemaliza kitabu kizima na sikumbuki kilihusu nini.

Jumanne, 4 Machi

Sanduku limeondoka. Limefungwa kwa lakiri mbili, na limebebwa na dereva tunayemwita Asali kwa utamu wa maneno yake. Aliniita profesa, akaniuliza ninasoma nini. Ni mtu mzima wa kwanza kuniuliza hivyo mwaka huu na akangoja jibu. Nampenda.

Shangazi ana wasiwasi na afisa wa forodha tunayemwita Miwani. Mwaka jana alirudisha shehena ya vipuri kwa kuwa muhuri uligongwa juu ya saini badala ya kando yake. Shangazi anasema mtu huyo akioga hujiandikia stakabadhi.

Alhamisi, 6 Machi

Darasani tulikuwa na mdahalo kuhusu amani. Spika alisimama akasema wapo watu mji huu wanaokula kwa mikono yenye damu, na watoto wao wanavaa sare safi kama yetu. Hakunitaja. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Mwalimu alinitazama akingoja nijibu, kisha akamtazama mwingine.

Jibu langu ni hili, naliandika hapa kwa kuwa mdomo wangu ni mwoga. Bunduki inayopita kwa Shangazi ina kibali cha kutoka, kibali cha kuingia, jina la anayeipeleka, jina la anayeipokea na sababu. Mwizi hajazi fomu. Babu Fundi husema bunduki isiyo na karatasi ni jambazi hata ikiwa kabatini. Mkono wa Shangazi hauna damu, Spika, una wino. Njoo uunuse.

Ningeyasema hayo, wangekaa kimya. Sikuyasema.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Barabara ya mpakani imekatika mahali pawili.

Ijumaa, 14 Machi

Sanduku limezuiwa.

Nilirudi shuleni nikamkuta Shangazi amesimama katikati ya ofisi na mwavuli mkononi, hajui kama anaingia au anatoka. Miwani ameshikilia sanduku zima kwa sababu ya bunduki ya kumi. Namba tuliyoandika, 40718, ni ya bunduki iliyokwisha kufa. Miaka sita iliyopita mwili wake ulipasuka, ukakatwa vipande mbele ya polisi, na aliyesaini hati ya kuuangamiza ni Babu Fundi. Ila mtutu wake ulikuwa mzima. Kwa kibali halali ulitolewa ukafungwa kwenye bunduki nyingine ya klabu hiyohiyo, yenye namba 52963. Yaani bunduki ya kumi ina mwili wa mmoja na mtutu wa marehemu, nami niliandika jina la marehemu.

Kwenye karatasi inasomeka hivi: bunduki moja iliyoingia nchini haikutoka, na moja iliyouawa imefufuka iko njiani. Miwani ameandika maneno matatu: "Tamko la uongo." Na chini ya tamko iko saini ya Babu Fundi, kwamba ameziona namba zote kwa macho yake.

Sikula. Nilisema kichwa kinaniuma, jambo ambalo lilikuwa kweli kufikia saa mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda karakana asubuhi nikiwa nimeshapanga maneno. Babu Fundi alikuwa amebana kitako cha bunduki kwenye jiliwa, anakipiga msasa. Hakugeuka. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Karani wangu, nipe ile tupa ndogo." Nikampa. Tukakaa hivyo, yeye anafanya kazi, mimi nashika tupa asizozihitaji.

Kisha akasema ameshawapelekea forodha maelezo yake. Amewaambia ni yeye aliyesoma namba, na macho yake yamezeeka.

Nikamwambia si kweli. Nilisema kwa sauti ndogo mno. Akatega sikio la kulia, nikashindwa kurudia.

Nilichofahamu baadaye kwa Shangazi ni hiki: fundi wa bunduki akikiri kwa maandishi kwamba macho hayafai, leseni inakwenda. Kikao ni tarehe 8 Aprili. Amefanya kazi hiyo miaka arobaini na mmoja. Hana nyingine.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Jaribio la hesabu. Nimepata zote, na sioni fahari.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia Shangazi. Nilimwandikia kwenye karatasi nikaiweka chini ya kikombe chake cha chai, kisha nikasimama jikoni nikisikiliza. Alisoma. Nikasikia kikombe kikirudi mezani.

Aliniita. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema Babu Fundi. Akasema basi tunatosha.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nilisaini kwamba nilikuwepo mezani. Sikuwepo. Ukisimama ukasema ni wewe uliyeandika, swali la pili watakalouliza ni nilikuwa wapi."

"Na Babu?"

"Babu yako ni mtu mzima. Amechagua."

Nikaenda kulala na sare.

Jumamosi, 22 Machi

Asali alikuja na mkate na habari za barabara. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akateremsha sauti, akamwambia Shangazi sanduku liko bohari la mpakani na mlinzi ni mtu wake. Namba ya mtutu ni tarakimu tano tu, tupa ikipita mara chache hakuna mtutu wala marehemu. Atakachotaka yeye ni shukrani ndogo. "Dada, mambo mengine ni ya kukata mkia tu."

Nilikuwa nyuma ya kabati la mafaili. Nilimwona Shangazi akisimama, akifungua mlango, akiushikilia wazi mvua ikiingia mpaka kwenye zulia. Akamwambia kwamba kuna watu wanaopitisha bunduki na kuna watu wanaopitisha mauti, na tofauti yao ni zile tarakimu tano. Asipotoka atampigia Miwani simu akiwa bado amekaa. Asali akaondoka na mkate wake.

Nilijivunia Shangazi kwa muda wa kama nusu saa. Kisha nikaanza kufikiri. Namba ya chuma Shangazi haachi ifutwe, hata kwa mguso mmoja wa tupa. Lakini Babu Fundi anaweza kufutwa. Nikamwambia Shangazi hivyo wakati wa chakula cha jioni, maneno hayohayo. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka.

Aliweka kijiko chini. Akasema, "Umekuwa mkubwa siku mbaya." Akaondoa sahani yake haijaisha.

Jumapili, 23 Machi

Hatusemeshani. Ufunguo wa ofisi naukuta mezani, chai yangu naikuta imefunikwa.

Jumanne, 25 Machi

Leo Spika aliniuliza kwenye foleni ya bomba kama ni kweli yule mzee kiziwi ameuza bunduki ya wizi. Baba yake amesikia sokoni. Nikamwambia ni uongo. Akasema, "Mbona unasema kama unaomba maji?"

Nikarudia. "Ni uongo." Mtu wa mwisho kwenye foleni aligeuka. Spika aliangalia ndoo yake. Haikuwa hotuba, lakini sentensi niliimaliza.

Jumamosi, 29 Machi

Karakana ina kufuli la serikali. Hawakusubiri kikao.

Nilimkuta Babu Fundi amekaa barazani, palepale Spika na wenzake walipojikinga, mikono imelala mapajani kama vyombo vya mtu mwingine. Nikaketi upande wa sikio linalosikia. Nikamuuliza, kwa nguvu, kwa nini amelibeba lisilo lake.

Akasema alipokuwa kijana bwana wake aliwahi kumchukulia kosa, na hakuwahi kupata nafasi ya kulilipa. Halafu akacheka kidogo. "Na wewe una mitihani. Mimi nina nini, rafu tupu."

Nikamwambia macho yake anayaita mabovu mbele ya serikali, ilhali juzi aliona unywele wangu mmoja ndani ya kifyatulio cha bunduki. Nikamwambia mimi sikuomba kubebwa. Nilipaza sauti mpaka muuza vocha ng'ambo ya barabara akasimama. Babu Fundi akanitazama kwa mshangao, akaligusa sikio lake zima, akasema, "Taratibu, karani. Hili nalihitaji bado."

Tulicheka wote wawili. Mvua ilikuwa inapiga bati, na kufuli la serikali likining'inia nyuma yetu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Nimefanya mazoezi bafuni. Tano mbili tisa sita tatu. Tatu sita tisa mbili tano.

Jumatatu, 7 Aprili

Jioni nilimwambia Shangazi kwamba kesho siendi shule, nakwenda kwenye kikao. Sikumwandikia. Nilisimama mlangoni mwa chumba chake.

Alikuwa anakunja nguo. Akasema nikifanya hivyo huenda ofisi ikafungwa, na nijue ada yangu inatoka wapi. Nikasema najua. Akasema watu watafurahi, hasa waliokuwa wakinuna kwamba mwanamke anapitisha silaha. Nikasema hilo pia najua, na kwamba kwa miaka yote amewashinda kwa sababu karatasi zake hazikuwa na uongo, na sasa moja inao, na umeandikwa kwa mwandiko wangu.

Akaendelea kukunja. Gauni moja alilikunja mara tatu.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika yote nisisahau.

Kikao kilikuwa ofisi ya forodha, ghorofa ya pili, chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Sanduku lilikuwa mezani, lakiri zake hazijaguswa. Walikuwepo Miwani, mkaguzi wa silaha wa polisi, mwakilishi wa klabu na Babu Fundi katika koti ambalo sikujua analo. Nilivaa sare. Nilifika mapema nikakaa kwenye benchi la nje, na nilipokuwa nahesabu vigae nikaona viatu vya Shangazi vikisimama mbele yangu. Akaketi pembeni yangu.

Miwani alisoma mashtaka kwa sauti moja, kama anasoma ratiba. Akamuuliza Babu Fundi kama ana la kuongeza. Babu Fundi akaanza tena habari za macho yake. Nikasimama.

Nilikuwa nimepanga kuanza na "Samahani." Nikaliruka. Nilisema, "Namba hiyo niliandika mimi. Yeye hakuisoma. Niliichukua juu ya mtutu kwa kuwa niliona aibu kusoma kwa sauti mbele ya watu, na alipouliza kama nimerudia kinyume nikamdanganya."

Mkaguzi akauliza mimi ni nani. Nikaeleza. Kisha likaja lile swali la pili, kama Shangazi alivyosema, sawasawa kabisa. Miwani akamgeukia. "Wewe wakala ulikuwa wapi?"

Nilitazama vigae. Nikasikia kiti cha Shangazi kikisogea. Akasema alikuwa ofisi ya vibali, na kwamba alisaini kabla ya kazi kufanyika, na kwamba alijua ukweli tangu tarehe ishirini mwezi uliopita akanyamaza. Hakujitetea hata kidogo. Sikuwahi kumsikia akisema sentensi fupi hivyo.

Miwani alivua miwani yake. Bila hiyo ni mtu wa kawaida, mwenye uchovu, ana alama mbili puani. Akaagiza lakiri zikatwe. Mkaguzi akaitoa bunduki ya kumi, akahakikisha ni tupu, akamwambia Babu Fundi afungue mti. Skrubu mbili. Vidole vyake havikukosea hata uzi mmoja. Mti ukatoka, na namba ikawa pale, ndogo, safi.

"Soma," Miwani akaniambia.

Nikasoma. Tano, mbili, tisa, sita, tatu. Babu Fundi akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikasoma tena kwa nguvu zaidi, na bila kuambiwa nikairudia kinyume. Sauti iligonga ukuta ikarudi. Mwakilishi wa klabu alilinganisha na kibali cha kuingia akasema ndiyo yao.

Nilimchukia Miwani siku zote hizi kwa kuwa hasamehi nukta. Leo sikumwona akisamehe kitu pia. Leseni ya Shangazi imesimamishwa miezi sita, na ofisi ya vibali itamwandikia faini. Babu Fundi amepata barua ya onyo kwa kusaini asichokiona, na kufuli litatolewa Ijumaa. Mimi nimeandika maelezo kurasa mbili. Miwani alinipa kalamu yake, akaniambia tarehe iwe juu, siyo chini. Nilipomrudishia akasema mtu asiye na leseni haruhusiwi kuandika wala kusaini namba za silaha. Nikasema nimeelewa. Akavaa miwani. "Kusoma hakukatazwi," akasema, na akaita kesi inayofuata.

Njiani Shangazi alishika mwavuli juu ya kichwa changu na yeye akalowa bega. Tulipofika kona akasema, "Ile sauti ulikuwa umeiweka wapi?"

Nilimwambia sijui.

Jumatano, 9 Aprili

Hakukunyesha. Spika aliniuliza nilikuwa wapi jana. Nikamwambia yote, kuanzia barazani na kicheko chake. Hakuomba radhi, lakini hakuniita Baruti.

Jumamosi, 12 Aprili

Karakana imefunguliwa. Walinzi wa hifadhi ya wanyama wameleta bunduki mbili za kubadilishwa vipuri. Asubuhi nilifagia majani yaliyopulizwa ndani na upepo, nikapangusa kutu kwenye jiliwa, nikafungua madirisha yote na mlango wa barazani. Shangazi alikuja akaketi kwenye kigoda bila kalamu, mikono imefumbatwa, akisema yeye ni mgeni tu. Watu walikuwa wakipita kwenda sokoni. Babu Fundi alifungua skrubu mbili, akainua mti, akashika kalamu yake juu ya daftari lake. Nikainama juu ya chuma nikasoma namba kwa sauti. Akaandika. Kisha nikaisoma kinyume.